Gunia Bichi Juu ya Beringi

Kabla hujasogelea mashine inayozunguka, vua saa, vua pete, chomekea shati. Pete utamweleza mkeo jioni naye atakuelewa. Kidole hakina maelezo. Nimeanza na hilo kwa sababu mwalimu wenu wa chuo cha ufundi, aliponiomba niwaandikie chochote kuhusu kazi niliyoifanya, alilalamika kwamba wengi wenu mnaingia karakana mmevaa saa kubwa za kung'aa. Mmesikia. Sasa tuendelee.

Mimi ni Yona. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Singida, na miaka ya mwisho nilikuwa fundi mkuu. Mbegu zilitujia kwa malori kutoka Iguguno, Kinampanda na vijiji vingine ambavyo madereva walivijua kwa jina la mwenye duka tu. Zinachekechwa, zinapashwa moto kwa mvuke, halafu zinaingia kwenye mashine ya kukamua. Kwa ndani mashine hiyo ni parafujo moja kubwa ya chuma, inasukuma mbegu mpaka mafuta yachuruzike chini na mashudu yatokee upande wa pili. Parafujo inazunguka juu ya beringi, ringi mbili za chuma zenye gololi katikati. Beringi ikifa kila kitu kinasimama, na wakati mwingine hakisimami kwa adabu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Msengi, Mungu amrehemu. Kifaa chake cha kupimia kilikuwa bisibisi ndefu. Anaweka ncha kwenye chuma kinachobeba beringi, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Beringi nzima inavuma mfululizo. Iliyoanza kuchoka inakwaruza, tena inakwaruza kwa mpangilio, na ukishausikia mpangilio huo hutausahau. Mimi miezi ya kwanza sikusikia kitu. Akiniuliza inasemaje, nilijibu iko vizuri mzee. Siku moja alinipa bisibisi nisikilize, nami nikajibu kama kawaida kwamba iko vizuri. Kumbe mashine ile alikuwa ameizima mwenyewe nilipompa mgongo, na kelele nilizozisikia zilikuwa za mashine ya jirani. Hakucheka. Alinipeleka kupaka grisi beringi za puli, yale magurudumu ya mikanda, kiwanda kizima kwa mwezi mmoja, na huo mwezi ndio ulionifanya fundi.

Ni yeye pia aliyenifundisha gunia. Beringi ikipata joto katikati ya kazi, unalowesha gunia la katani, unalifunika juu yake, joto linatulia. Kila fundi wa alizeti wa rika langu anaijua dawa hiyo. Lakini Mzee Msengi alikuwa na masharti mawili. Kwanza unapunguza mbegu zinazoingia, ili parafujo isibanwe. Pili hubanduki pale mpaka mashine izimwe na kufunguliwa. Kwake gunia lilikuwa la kumfikisha mgonjwa hospitali. Mimi miaka ilivyopita nikabaki na gunia, masharti nikayaacha njiani.

Kisha zikaja sensa. Mwenye kiwanda alileta vidude vya ukubwa wa kiberiti, vinanata kwa sumaku juu ya kila beringi. Kila baada ya sekunde chache vinapima joto na mtetemo na kupeleka kwenye kompyuta, nayo inachora mistari. Pamoja na vidude akaja mhandisi wa kuisoma hiyo mistari, Zaituni, binti wa mfanyabiashara wa vitambaa hapa mjini, mwembamba, mwenye hijabu na buti za kazi zilizomzidi kidogo. Alipewa chumba cha vioo pembeni ya ukumbi wa mashine. Mafundi tukakipa jina, zahanati, tukawa tunaulizana nani anaumwa leo.

Wiki ya kwanza king'ora kililia, mashine ya pili ikaonekana imekufa kabisa, mtetemo sifuri. Tukakimbia. Mashine ilikuwa inakamua kwa raha zake. Sensa ndiyo iliyodondoka, ikaenda na mashudu, tukaikuta kwenye gunia linalosubiri mteja wa chakula cha ng'ombe. Tulicheka mpaka machozi. Zaituni naye alicheka, halafu alikwenda kutafuta waya, akarudi akazifunga sensa zote moja moja. Mtu anayecheka kosa lake huku analirekebisha, mshike huyo. Mimi sikumshika.

Alinijia siku moja na daftari. Alisema, baba, wewe unasikiliza mara mbili kwa siku. Hiki kidude kinasikiliza muda wote, ila hakijui kinachokisikia. Alinitaka nimweleze kila sauti ninayoijua, yeye aitafute kwenye mistari. Nilimwambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa nikishamweleza yote nitabaki na nini.

Sasa niwaambie kuhusu nyundo, kwa sababu matatizo yote yaliyofuata yalianzia hapo. Beringi haigongwi kwa nyundo. Inapashwa moto kwenye mafuta hadi ipanuke, halafu inateleza yenyewe kwenye shafti, yaani mhimili unaozunguka. Kama ni lazima kugonga, unagonga kupitia bomba, tena ringi ya ndani peke yake, maana ukigonga ya nje, pigo linapita kwenye gololi na kuacha vishimo usivyoviona kwa macho. Haya nilikuwa nayajua tangu ujana. Zaituni alinikumbusha kwa heshima, akasema jiko la kuchemshia mafuta lipo. Ilikuwa katikati ya msimu, malori yamejipanga kutoka getini hadi barabarani, na mimi nilishazifunga beringi kwa nyundo mara nyingi bila balaa. Nikagonga ya nje. Ilikuwa beringi kubwa ya mashine ya kwanza, upande wa puli.

Siku tatu baadaye Zaituni alinionyesha mstari wa mtetemo wa beringi hiyo. Kabla ya kubadilishwa ulikuwa umelala chini. Kuanzia saa ileile niliyoifunga, ulikuwa umeinuka, na kila siku ulipanda kidogo. Hakutaja nyundo. Mimi niliiona nyundo yangu pale kwenye skrini, nikaona aibu. Nilimwambia beringi mpya lazima izoee kwanza. Akasema sawa baba, lakini sauti yake haikusema sawa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali na upepo wa vumbi. Saa saba mchana king'ora cha joto kilianza kulia kwa beringi ile. Wiki hiyo kilikuwa kimeshalia mara mbili, na kila kikilia tunaizima mashine ipoe, madereva wanapiga honi, meneja anatoka ofisini ameshika kiuno. Zaituni alikuwa stoo kwa muda huo. Nilijua safari hii mashine itafunguliwa, na kila mtu ataona alama za nyundo kwenye ringi ya nje, na mafundi niliowafundisha kwa ukali wasigonge wataziona vilevile. Nililowesha gunia, nikalikunja, nikaifunika beringi pamoja na sensa yake. Sikupunguza mbegu. Sikukaa pale. Sensa ikapoa, king'ora kikanyamaza, nami nikaenda kunawa mikono kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Zaituni alirudi chumbani kwake. Baada ya muda alitoka ameshika tableti kifuani, akanijia.

"Shikamoo baba," alisema. Tulikwishaamkiana asubuhi, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Marahaba."

"Beringi ya mashine ya kwanza imepoa. Umeifanyia nini?"

Nilimwambia nimeiongezea grisi.

Akasema kwamba grisi ikiongezwa joto hupanda kwanza, ndipo linashuka polepole, na hilo alinisikia mimi mwenyewe nikiwafundisha mafundi. Hili limeanguka mara moja. Akanigeuzia tableti. Kulikuwa na mistari miwili, mwekundu wa joto na wa bluu wa mtetemo. Tangu sensa zifungwe, mistari hiyo ilikuwa inapanda pamoja na kushuka pamoja, hata mimi nilikuwa nimeshaizoea hivyo. Sasa mwekundu ulikuwa chini kabisa na wa bluu ulikuwa unapanda, tena haukuwa unapanda kwa siku kama mwanzo. Ulikuwa unapanda tukiutazama.

"Naomba tuizime, baba."

Msimu ukiwa umepamba moto, kuzima mashine ya kwanza ilikuwa amri ya fundi mkuu au meneja. Nilimjibu lori lililopo likiisha tutaizima. Nilisema hivyo nikijua kabisa kilichofunikwa na lile gunia. Nimekuwa nikijiuliza mtu wa namna gani anaweza kusema maneno hayo kwa utulivu ule, na jibu ni kwamba ni mtu wa kawaida tu, anayeogopa kuchekwa na wenzake.

Zaituni hakubishana. Aliangalia upande wa puli. Pale kuna mlango mdogo ambapo mbegu zikiganda, mwendesha mashine anazichokonoa kwa fimbo. Kati ya mlango ule na puli kuna wavu mwepesi. Wavu ule umewekwa kuzuia mkono usiingie. Haukuwekwa kuzuia puli isitoke.

"Baba, yule aliyesimama pale ni nani?"

Alimjua vizuri. Kiwanda kizima kilimjua. Alikuwa Elia, mdogo wake mke wangu. Mama yao alifariki Elia akiwa bado ananyonya, mke wangu akamlea mgongoni akiwa mwenyewe ni binti mdogo, na alipoolewa nami alikuja naye. Kazi ile mimi ndiye niliyemtafutia.

"Ni shemeji yangu," nilisema.

"Basi mwite."

Nilimwita. Hakunisikia. Alikuwa ameziba masikio kwa vile vizibo ambavyo mimi nilikuwa nawatoza wafanyakazi faini ya soda wasipovivaa. Nilimwita tena kwa nguvu zangu zote, naye akaendelea kuchokonoa, ameinama, kichwa chake kikiwa sawasawa na puli. Kumfikia nilitakiwa kuizunguka mashine nzima. Kitufe chekundu kilikuwa karibu zaidi. Nilikimbilia kitufe, nikakipiga kwa kiganja.

Umeme ukikatika, mashine ya namna ile haisimami papo hapo. Uzito wake wenyewe unaizungusha. Elia alipoona mkanda unapunguza kasi alinyanyuka, akachomoa vizibo na kutembea kuja upande wetu, uso umekunjamana, anauliza kwa mikono nani kazima. Alikuwa ametembea hatua nne, labda tano. Nyuma yake beringi ilikamata, ikagoma kuzunguka. Ulitoka mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye bisibisi yoyote, shafti ikakatika shingoni, puli ikapasua wavu na kwenda kujigonga ukutani, juu kidogo ya mlango wa kuchokonolea. Matofali yalimwagika. Fimbo ya Elia aliyoiegemeza pale ilikuwa vipande.

Hakuna aliyeumia. Hilo niwaambie mapema ili msinisumbue na maswali.

Meneja alikuja mbio, akaona ukuta, akamwona Elia, akakaa chini kwenye magunia. Aliposikia ni mimi niliyezima, alisimama akanishika mabega mbele ya watu wote, akasema huyu ndiye fundi, mashine haijasema yeye ameshasikia. Watu wakapiga makofi. Elia alinikumbatia, akanishukuru kwa Kinyaturu, maneno ambayo kwetu unamwambia mtu aliyekuokoa na mauti. Na mimi, vijana wangu, nilipokea. Niliitikia kwa kichwa. Nilimtupia jicho Zaituni, alikuwa anatazama buti zake.

Baadaye, watu walipotawanyika, nilirudi kwenye mashine kulichukua gunia. Halikuwepo. Nilikwenda kwenye chumba cha vioo nikalikuta juu ya meza, limekunjwa vizuri, bado linatoa mvuke. Zaituni alinikaribisha kiti. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake kwa muda. Alisema saa na dakika gunia lilipowekwa zinaonekana kwenye mstari, na mtu yeyote atakayejua kusoma ataziona. Alisema hawezi kufuta data, na hata angeweza asingefuta, kwa sababu siku akifuta mara moja hakuna atakayeziamini tena, na siku hiyo tutamzika mtu. Ripoti ataiandika kesho asubuhi.

"Nimeona heshima yako ni wewe uanze kusema, baba," alimaliza. "Mimi nifuate."

Kwa meneja nilikwenda jioni ileile. Sitawachosha na hayo. Nilivuliwa ufundi mkuu hadi mwisho wa msimu, nikapangiwa kusafisha machekecho, na mafundi waliokuwa wananiogopa walikuja kunipa pole kwa sauti ambayo ilikuwa mbaya kuliko kuchekwa. Msimu ulipoisha niliomba mwenyewe kufanya kazi na Zaituni. Tukawa tunafanya hivi: mimi nasikiliza kwa bisibisi, nasema ninachosikia, yeye anaweka alama kwenye mstari wa saa ile. Baada ya muda akaweza kuona mkwaruzo siku nyingi kabla mimi sijausikia, na mimi nikaweza kumwambia mkwaruzo upi ni wa gololi na upi ni mkanda uliolegea unamdanganya. King'ora kikilia tukaweka utaratibu kwamba hakuna anayegusa chochote hadi watu wawili waangalie, mmoja skrini, mwingine chuma. Basi mkienda viwandani mkakuta skrini, msiidharau, wala msiiabudu. Mtazame mistari inayozoea kwenda pamoja. Siku ikiachana, msitafute sababu ya kutulia. Tafuteni aliyeweka gunia, na mjiulize kwanza kama si ninyi.

Lakini kazi ngumu ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya ajali. Elia alikuwa amepumzishwa nyumbani mashine ikitengenezwa, na habari hazikuwa zimemfikia yeye wala dada yake. Nilitembea hadi Unyambwa nyumbani kwa Elia. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, akaniletea kigoda, akataka kumwita mkewe achemshe chai kwa ajili ya mgeni wake aliyemwokoa. Nilimwambia asimwite. Nikamweleza yote, nyundo, gunia, uongo wa grisi, lori nililotaka liishe kwanza.

Alipukuchua gunzi zima bila kuinua macho. Kisha akauliza kama nilipoweka lile gunia nilijua yeye ndiye yuko zamu. Nilisema nilijua.

"Ulinifikiria?"

"Hapana."

"Hilo la pili ndilo linaloniuma, shemeji." Aliweka gunzi chini. "Mimi nimesikia. Sasa kamwambie dada."

Nilikuwa nimejiambia hilo halitakuwa la lazima. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ameshamchinjia jogoo mume wake shujaa. Nilirudi nyumbani, nikamkuta anachambua mchicha, nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilihisi sistahili kukaa. Aliniacha nimalize. Alinawa mikono, akajifunga kitenge, akatoka. Nilimwona akishika njia ya Unyambwa, anatembea haraka na mikono mitupu, yeye ambaye hajawahi kwenda kwa mdogo wake bila kubeba kitu.

Jua lilikuwa limeanza kupungua aliporudi. Alivua kandambili mlangoni, akaingia jikoni, akasonga ugali, akaniwekea mezani na maji ya kunawa. Hakukaa. Alisimama akishika mgongo wa kiti.

"Nimemwambia aiache hiyo kazi," alisema. "Nimemsihi sana. Amekataa. Anasema Jumatatu anarudi palepale kwenye mashine, kwa sababu wewe utakuwepo, na sasa anajua ukiona kitu utasema."

Nilinawa mikono, nikakaa mbele ya ule ugali, nikashindwa kula.